Kwetu Mwanamke Hachinji

Siku ya kwanza ya mafunzo nilikaa kiti cha nyuma kabisa, nimekunja mikono, nimeshanuna kabla mtu hajasema neno. Nilikuwa na miaka kumi na minne ya kutunza sungura wa utafiti katika chuo kimoja hapa Moshi, na sasa uongozi umetuletea binti wa kutufundisha namna ya kumshika sungura. Binti mwenyewe alikuwa daktari wa mifugo kutoka Morogoro, umri wa mwanangu wa pili. Alipita kiti kwa kiti akiwasalimia wakubwa. Aliponifikia akainama kidogo, shikamoo mama, nami nikaitika marahaba kwa sauti ya mtu aliyekubali salamu ila mengine bado.

Alisema kuanzia sasa hakuna atakayegusa mnyama wa chuo bila cheti. Si mtunzaji, si mwanafunzi, si mtafiti, si profesa mwenyewe. Alipomtaja profesa kuna mtu alipiga makofi peke yake, akajistukia akaacha. Kisha akatugawia kila mmoja daftari. Ndani mlikuwa na mistari, kila mstari kazi moja: kumshika mnyama, kumpima uzito, kumtoa damu, kutambua maumivu, na kadhalika. Mbele ya kila kazi kulikuwa na safu tatu: ameona, amefanya akisimamiwa, anafanya mwenyewe. Tulipewa miezi mitatu. Ambaye safu ya tatu haitakuwa na sahihi ya daktari mpaka chini, ataondolewa kwenye nyumba ya wanyama na kupangiwa kazi nyingine chuoni.

Kwa wengine kuhamishwa lilikuwa jambo la kawaida. Mfagiaji wa ofisi anapata mshahara uleule, tena hanuki mkojo wa sungura. Mimi niseme wazi tu, niliogopa. Nilikuwa nawapenda wale wanyama. Asubuhi nikifungua mlango, nikikanyaga beseni la dawa na gambuti zangu, wanasimama wote kwa miguu ya nyuma, pua zinacheza, na mtu hata awe ameamka na deni la hasira za jana, zinaisha palepale. Nimezika mume nikiwa na kazi hii. Nimesomesha watoto watatu nikiwa na kazi hii. Kunitoa pale unipe ufagio wa ofisi ni kunizeesha kwa siku moja.

Basi nikaamua kumaliza daftari lile haraka ili binti arudi kwao Morogoro.

Na kusema kweli mistari ya mwanzo niliimeza. Nimezaliwa Kilema, kwenye kihamba, shamba la migomba linalozunguka nyumba, ambako ng'ombe na mbuzi hawatoki nje. Unawakatia majani, unawakatia mgomba, unawaletea mdomoni. Mtoto wa huko anajua mnyama ameamkaje kabla hajajua kusoma. Daktari alipotaka tuonyeshe namna ya kumbeba sungura, wenzangu walihangaika, wengine wakakwaruzwa mpaka damu. Mimi nilimchukua wangu, mkono mmoja chini ya makalio, kichwa nikakificha kwenye kiwiko, akatulia. Daktari akasogea. Akaniomba nirudie. Akasema, "Mama, hiyo ya kiwiko nitaifundisha huko niendako." Siku hiyo nilirudi Njoro ninakopanga nikitembea kifua mbele.

Kilichoniudhi ni swali la wiki ya pili. Alituuliza nani kati yetu anafuga sungura au simbilisi nyumbani, maana ugonjwa unaweza kusafiri na nguo ukafikia wa utafiti. Chumba kizima kilitazama dari. Hapa Moshi, tena watu wa wanyama, nani hana sungura uani? Nilikuwa na watatu. Niliinua mkono, na baada yangu mikono ikainuka kama mahindi. Jumamosi nikawapandisha wale watatu Kilema kwa dada yangu, ambaye aliniuliza kama chuo kimeanza kuwaonea wivu watu wanaofuga. Nikamwambia usinichokoze, pokea.

Nikajifunza na mengine ambayo kiburi changu hakikuyategemea. Tulifundishwa kusoma uso wa sungura. Jicho limefumba nusu au zima? Mashavu yamebonyea? Masikio yamelala nyuma? Anasaga meno? Kila kimoja unakipa sifuri, moja au mbili, unajumlisha, unajua anaumwa kiasi gani. Mimi miaka yote nilikuwa najua tu kwamba "huyu leo si mzima." Sasa nilikuwa na namna ya kumwambia mwingine akaelewa. Hilo nililikubali kwa moyo wote, nikamwambia daktari hivyo, naye akafurahi kuliko nilivyotegemea.

Mstari wa mwisho ndio ulionishinda. Uliandikwa: kumaliza uhai wa mnyama bila mateso.

Lazima nieleze hapa. Kwetu mwanamke hachinji. Hapana sheria iliyoandikwa, na padri hajawahi kuisema, lakini ndivyo ilivyo. Mbuzi anachinjwa na wanaume, wao ndio wanaojua kidari ni cha nani na mguu unakwenda kwa mjomba yupi. Hata kuku. Mama yangu, baba akiwa kwenye shamba la chini, alikuwa akitoka mpaka njiani, kuku kwapani, kisu mkononi, anasimama kwenye uzio wa masale akisubiri mwanamume yeyote apite. Siku moja nakumbuka alipita katekista na vitabu vyake. Aliweka vitabu juu ya jani la mgomba, akachinja, akanawa, akachukua vitabu vyake akaendelea na safari ya parokiani. Hakuna aliyeona ajabu. Mama yangu alikuwa anaweza kumzalisha ng'ombe, anaingiza mkono mpaka begani, lakini kisu alikuwa anakibeba tu.

Mimi nami nikakua hivyo. Na kazini nilikuwa na mtu wangu wa njiani.

Alikuwa mtunzaji mwenzangu, tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka kumi na moja. Nilimwita Mangi, kama tunavyowaita wanaume wengi wa huku, ingawa hakutawala chochote zaidi ya mbuzi wa utafiti waliokuwa banda la nyuma. Yeye aliniita Mama Sungura. Ni Mlutheri wa upande wa Hai, kwake ni Bomang'ombe. Mimi Mkatoliki wa Kilema. Kichagga chake na changu vinapishana njiani bila kusalimiana, kwa hiyo siku zote tulitaniana kwa Kiswahili. Mtu mrefu, mkimya, mikono mikubwa ya polepole.

Mwaka ule alipoanza, utafiti mmoja uliisha na sungura sita wakatakiwa wamalizwe ili viungo vyao vichunguzwe. Kabla yake tulikuwa na mzee aliyekuwa anaifanya kazi hiyo, akastaafu. Nilisimama kwenye mlango wa chumba cha upasuaji nimemkumbatia wa kwanza, nikamwambia, "Mangi, hii ni kazi ya kiume." Alinitazama, akampokea. Nikageuka nikaenda. Toka siku hiyo ikawa ndiyo kawaida yetu. Mimi nalisha, nafagia vizimba, nabeba mnyama mpaka mlangoni. Yeye anapokea. Ili tusidhulumiane nilichukua na zamu zake zote za kulisha. Nilijiona mkarimu.

Nikienda likizo ilibidi awalishe yeye, na nikirudi lazima tugombane. Alikuwa anamwaga chakula bakulini na kuondoka, hata hatazami nani kala na nani kaacha. "Unawalisha kama unajaza mafuta kwenye gari," nilimwambia. "Moyo wako wa jiwe wewe." Alicheka tu kidogo, akaenda kwa mbuzi wake.

Basi daktari alipofika kwenye mstari wangu wa mwisho, akauliza kwa upole mbona mtupu.

"Kwetu mwanamke hachinji," nikasema.

"Mama, hapa hakuna kisu. Ni sindano. Kwanza ya usingizi, kisha nyingine kwenye mshipa wa sikio. Ni mshipa uleule unaoutoa damu kila wiki bila shida."

"Kuua ni kuua, daktari."

Hakubishana. Alikaa ukingoni mwa meza, akafunga daftari langu. "Mimi sikuletei hili kwa sababu ya utafiti," akasema. "Utafiti unaweza kumsubiri Mangi mpaka kesho. Lakini mnyama akiumia vibaya na Mangi hayupo, yeye atamsubiri nani?"

"Mangi yupo kila siku."

"Sawa mama. Tutafanya ukiwa tayari. Ila miezi mitatu ikiisha sitaweza kukusaidia."

Mzoea punda hapandi farasi. Wiki ya kwanza nikasema mgongo. Wiki ya pili kulikuwa na msiba Kilema, na huo ulikuwa wa kweli, ila nilikaa siku mbili zaidi ya waliofiwa. Wiki ya tatu nikasema miwani yangu imevunjika, sioni mshipa. Miwani ilikuwa mkobani. Daktari aliangalia mkoba, akaniangalia mimi, akasema pole.

Zikabaki siku kumi na mbili. Ikaja Jumapili ya zamu yangu.

Nilitoka misa ya kwanza nikaenda moja kwa moja kazini. Mlinzi alinipokea getini, akaniambia alfajiri upepo ulichomoa bati la banda la nyuma likaanguka chini ya dirisha la sungura kwa kishindo. Sikungoja amalize.

Wote walikuwa wamejikunyata kwenye pembe, isipokuwa mmoja. Jike la kahawia, lenye fujo, ambalo kila asubuhi lazima lipindue bakuli kwanza ndipo lile. Tumekatazwa kuwapa majina, na sikuwahi kuwapa, lakini hakuna anayeweza kukukataza kujua tabia. Lilikuwa limelala ubavu. Miguu ya nyuma ilikuwa upande mwingine kabisa, kana kwamba si yake. Daktari alikuwa ametufundisha: sungura ana miguu yenye nguvu na mgongo dhaifu, akistuka akapiga teke kizimbani anaweza kujivunja mwenyewe. Nikaangalia uso. Jicho limefumba, masikio yamelala, na meno yanasaga, nayasikia. Mbili, mbili, mbili. Sikuhitaji karatasi.

Nikampigia Mangi. Simu imezimwa. Nikakumbuka ni siku ya kipaimara cha binti yake, yuko kanisani Bomang'ombe. Nikamwandikia ujumbe. Nikampigia daktari, akapokea mara moja. Alikuwa Arusha, kwa rafiki zake.

Nilimweleza. Akaniuliza maswali manne, nikamjibu yote, sauti yangu imetulia vizuri tu.

"Mgongo huo haurudi," akasema. "Asiendelee kuteseka. Ufunguo wa kabati unao?"

"Ninao."

"Dawa zote mbili zipo?"

"Zipo."

"Basi weka simu mezani, sauti kubwa. Nitakuelekeza hatua kwa hatua. Mimi ndiye ninayekusimamia, kwa hiyo unaruhusiwa. Mama, mshipa huo unaujua kuliko mimi."

Nilifungua kabati. Nilitoa dawa, nikazipanga, nikavaa glavu, nikavuta ya kwanza kwenye bomba la sindano kama alivyosema. Nikamgeukia yule jike. Na hapo mikono yangu ikakataa. Siwezi kueleza zaidi ya hivyo. Ilikaa tu pembeni ya mwili wangu na bomba lile.

"Mama, upo?"

"Siwezi, daktari."

"Haya. Naanza safari sasa hivi. Endelea kumtafuta na Mangi."

Nilikaa naye saa mbili na nusu. Nilifunga mapazia, nikamfunika kitaulo, nikaweka mkono wangu karibu na pua yake ili angalau asikie harufu anayoijua. Nilisali rozari. Katikati ya fungu la tatu nikaona aibu ya kweli, aibu ya kuchoma, maana nilikuwa namwomba Mama wa Mungu afanye kazi ambayo sindano yake iko mezani hatua mbili kutoka nilipokaa. Nikaacha kusali. Meno yaliendelea kusaga. Ndipo nilipoelewa maana ya swali la daktari, atamsubiri nani. Alikuwa ananisubiri mimi, nami nilikuwa nimesimama njiani na kisu nikingoja mwanamume apite.

Mangi alifika kwa bodaboda kutoka stendi, ndani ya suti, ua la wazazi bado limebanwa kifuani. Alikuwa ameona ujumbe walipotoka kanisani. Alivua koti, akanawa, akampiga sindano ya kwanza, akangoja, akampiga ya pili, akaweka kipimo kifuani akasikiliza mpaka mwisho. Ilikuwa dakika chache tu. Saa mbili na nusu, kwa jambo la dakika chache.

Nilimkuta nje kwenye benchi. Nikammiminia chai kutoka kwenye chupa yangu, nikakaa.

"Umeacha sherehe ya mtoto," nikasema.

"Mbuzi yuko motoni. Watakula."

"Pole sana, Mangi. Wewe angalau una moyo mgumu, unaweza. Mimi nimeshindwa kabisa."

Aliweka kikombe chini bila kunywa. "Nani kakwambia nina moyo mgumu?"

Nilidhani ananitania. Nikamtazama, hakuwa anatania.

"Mama Sungura, miaka kumi na moja unanikabidhi mnyama mlangoni unageuza mgongo. Hujaniuliza hata siku moja kama mimi naweza. Nyumbani nachinja mbuzi wa Krismasi, watu wanakula, wanashukuru, watoto wanachezea ngozi. Hawa hakuna anayekula. Namaliza, naweka kwenye mfuko, naandika. Nikifika nyumbani mke wangu anauliza leo mmefanya nini, namwambia tumefagia."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ungesema mimi si mwanamume."

Ni kweli ningesema. Tena ningesema mbele za watu, na ningecheka.

"Na unanigombeza namwaga chakula nakimbia," akaendelea, sauti ileile ya chini. "Nikae niwatazame wakila? Nitawajua. Nikiwajua, siku ya kazi nitawapokea vipi?"

Kitanda usicholalia hujui kunguni wake. Nimeisema methali hiyo mara ngapi kwa wengine. Kwanza nilikasirika, nitakuwa mwongo nikisema sikukasirika. Nilimkasirikia kwa kunificha, kwa kuniacha nijione mkarimu miaka yote ile. Nikafungua mdomo kumwambia hivyo. Nikaliona lile ua kifuani pake limelala, nikafunga mdomo.

Daktari alifika baadaye kidogo. Alimwangalia yule mnyama, akaandika taarifa kwa ajili ya kamati ya maadili. Alipofika kwenye sababu ya kuchelewa alisimamisha kalamu.

"Niandike nini, mama?"

"Andika niliogopa."

Akafikiri. Akaandika: mtunzaji wa zamu alikuwa hajakamilisha mafunzo. Akanisomea, akaniuliza kama ni sawa. Nikamwambia ni sawa, ila wewe una huruma kuliko mimi.

Nikamwambia pia aniweke Ijumaa.

Ijumaa hiyo kulikuwa na sungura watano wa utafiti wa chanjo uliokwisha. Nilikuwa nimewalea tangu wakiwa wa ngumi moja. Usidhani nilikuwa nimepata ujasiri. Asubuhi sikunywa hata uji. Nilimtoa wa kwanza, nikamficha kichwa kwenye kiwiko, nikatembea naye kwenye korido. Mangi alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha upasuaji, mikono yake mikubwa imeshanyooka mbele kumpokea. Hakuwa amefikiri, ilikuwa mazoea tu. Tulitazamana.

"Leo nenda kalishe wale wa kuzalisha," nikamwambia. "Hawa niachie."

Alibaki pale kidogo, mikono ikiwa vilevile. Kisha akaishusha, akaenda.

Daktari alisimama kulia kwangu, hakuongea ila pale nilipouliza. Nilimpiga ya usingizi, nikakaa nimemshikilia mpaka kichwa kikalegea. Nikanyoa manyoya kidogo sikioni, nikaupata mshipa mara ya kwanza. Nilimwangalia usoni muda wote, kwa sababu nilijiambia kwamba kama nitafanya, sitafanya nimegeuza mgongo. Jicho halikufumba kwa maumivu. Sikio halikulala. Sifuri, sifuri, sifuri. Nikasikiliza moyo mpaka ukaacha, nikaendelea kusikiliza dakika nzima baada ya hapo kama tulivyofundishwa. Halafu nililia, glavu zikiwa mkononi, siwezi hata kujifuta. Daktari alinifuta yeye na kitambaa chake cha mfukoni, akasema, "Pole mama. Tuendelee au tupumzike?"

Nikasema tuendelee, wanaongoja wanasikia harufu.

Baada ya wa pili daktari akaweka sahihi ya safu ya kati. Watatu waliobaki nilifanya mwenyewe, yeye akiwa amekaa pembeni kimya, na wa mwisho alipokwisha akavuta daftari langu akasaini safu ya tatu. Ndiyo hivyo. Nilikuwa nimebaki na kazi yangu. Nilitegemea kufurahi, na nilifurahi, ila furaha yenyewe ilikuwa imechoka.

Kisha ikanibidi kuandika kwenye rejista. Ni kitabu kikubwa, kila mnyama anayemalizwa ana mstari wake, na mwisho wa mstari jina la aliyefanya. Nilikuwa sijawahi kukifungua. Niliandika jina langu mara tano, halafu nikafunua ukurasa wa nyuma, na wa nyuma yake, na wa nyuma yake tena. Mwandiko mmoja, sahihi moja, toka juu mpaka chini. Niliendelea kufunua mpaka nikakutana na wale sita wa mwanzo. Nilijaribu kukumbuka siku ile alipotoka mle chumbani alikuwa na uso gani. Sikuweza, kwa sababu nilikuwa nimeshaondoka.

Nilinawa nikaenda kumtafuta. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwomba msamaha, ya heshima kabisa, kama mtu anayekwenda kwa wakwe.

Alikuwa kwenye chumba cha sungura wa kuzalisha, wale ambao hawaingii kwenye utafiti wowote. Alikuwa amepindua ndoo akaikalia, magoti yamefika kidevuni kwa urefu wake, na kiganjani ana majani anayompa jike mmoja jani kwa jani. Hakugeuka nilipoingia.

"Huyu anatafuna upande mmoja," akasema. "Jino linamsumbua."

Nilitaka kumwambia hapana, huyu mzima, mimi ndiye ninayemlisha. Lakini nikachuchumaa. Alimpa jani lingine, akaninyooshea kidole niangalie shavu. Nikamshika yule jike, tukamfungua mdomo pamoja, nikawasha tochi ya simu. Jino la nyuma upande wa kushoto lilikuwa limerefuka mpaka limeanza kuchoma ulimi. Jambo la wiki kadhaa, na mimi nilikuwa nimepita mbele yake kila asubuhi.

Mangi alikuwa amekaa naye nusu saa tu.